Simbi ya mganga haileti wateja: majibu ya barua zenu

Tangu nilipogusia simbi, yale magamba madogo yanayong'aa ya konokono wa baharini, kwenye safu hii, barua zimemiminika kutoka Tunduma mpaka Mafinga. Nimechagua chache. Zinazouliza bei nimezikusanya mwishoni, maana ni nyingi na zote zinafanana.

Ndaga, mwalimu. Bibi aliacha mkufu wa simbi. Hapa Kyela wanasema ziliokotwa Ziwa Nyasa. Ni kweli?

Si kweli. Simbi ni konokono wa maji ya chumvi. Makazi yake ni miamba ya matumbawe na vidimbwi vinavyobaki maji yakipwa, kwenye Bahari ya Hindi na Pasifiki. Ziwa Nyasa lina konokono wake wengine, na baadhi yao hubeba kichocho, kwa hiyo wakanyeni watoto wanaowaokota kwenye maji yaliyotulia yenye majani.

Mkufu wa bibi ulipanda huku kutoka pwani, mkono kwa mkono. Utunze. Usiuoshe kwa siki wala ndimu, kwa sababu gamba ni chokaa na ukali ule huula mng'ao usirudi tena. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini vinatosha. Uzi ukiwa umechakaa, ubadilishe kabla haujakatika.

Simbi, kauri na kete ni kitu kimoja? (Makambako)

Swali zuri, nami nimechoka kuona magazeti yakiyachanganya. Kauri ni ukoo mzima, kuanzia huyu wa sentimita mbili hadi yule mwenye madoadoa anayejaza kiganja. Simbi ni hawa wadogo waliofanywa fedha na mapambo. Kete ni jina la kazi: ndicho unachochezea bao, kiwe gamba, kokoto au komwe. Mchezaji wa bao la pwani anahesabu kete 64, na siku hizi ni komwe, mbegu za mmea.

Simbi zenyewe ni aina mbili. Moja ni ya manjano, ina vinundu pembeni, na wataalamu huiita Monetaria moneta. Nyingine, Monetaria annulus, ina pete ya rangi ya dhahabu mgongoni, na pwani yetu imejaa hiyo.

Kuhusu sahani za kauri: mng'ao ule ule ndio uliofanya jina lihame kutoka kwenye gamba kwenda kwenye vyombo. Waitaliano nao walifanya hivyo hivyo, neno lao porcellana lilikuwa la konokono kabla ya kuwa la sahani. Na mng'ao huo haupakwi na mtu. Konokono akiwa hai, nyama yake hutoka na kulifunika gamba kwa nje pande zote mbili, inalilinda na kuliongezea tabaka. Ndiyo maana simbi aliyekufa zamani na kupigwa na jua ufukweni huwa mweupe na mkavu, na wa baharini hung'aa kama ameoshwa leo.

Mwalimu wetu wa historia alisema simbi zilikuwa fedha. Mbona wazee wa Iringa hawazitaji hivyo?

Mwalimu wako yuko sahihi, na wazee wako sahihi. Huku kwetu thamani ilipimwa kwa ng'ombe, chumvi, nguo na majembe. Majembe ya Wakinga yalishuka mpaka kwa Wanyakyusa, na yaliingia hata kwenye mahari. Simbi zilikuja na misafara zikaishia shingoni na kwenye mikanda.

Kwingine zilikuwa fedha kamili. Waganda mpaka leo huita pesa ensimbi, na fedha ya Ghana, cedi, iliyoanza 1965, imetoka kwenye jina la simbi kwa Kiakani. Afrika Magharibi walizitunga 40 kwenye uzi mmoja. Nyuzi 50, yaani simbi 2,000, waliziita kichwa, na vichwa 10 vilijaza gunia la simbi 20,000. Hazighushiki kirahisi, hazilingani na kitu kingine, hazivunjiki ovyo, na mtu asiyejua kusoma anazihesabu.

Asili yake kubwa ilikuwa visiwa vya Maldivi. Msafiri Ibn Battuta alifika huko 1343 akakuta simbi 400,000, na wakati mwingine nyingi zaidi, zikiuzwa kwa dinari moja ya dhahabu. Baadaye akiwa Mali na Gao, Afrika Magharibi, aliona simbi 1,150 tu zikipata dinari hiyo. Faida yote ilikuwa kwenye safari. Baadaye meli za Waholanzi na Waingereza zilizibeba Ulaya kwa shehena, zikimwagwa tumboni mwa meli kuipa uzito isiyumbe, kisha zikapelekwa pwani ya Guinea kununulia watu. Hilo lisemwe wazi darasani. Watoto wanafundishwa kwamba simbi ni urembo wa asili, hawaambiwi kwamba binadamu alihesabiwa kwa magunia yake.

Na pwani yetu imo kwenye habari hiyo. Miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg waligundua kwamba simbi ya pete ya Zanzibar ni rahisi kuliko ya Maldivi. Wakazipakia kwenda Lagos na Ouidah, bandari za Afrika Magharibi, ambako wakati huo mafuta ya mawese yalikuwa yanachukua nafasi ya biashara ya watu. Walizimwaga nyingi mno. Thamani ikaporomoka, na mama aliyeweka akiba ya maisha yake kwenye mtungi akabaki na mtungi wa makombe. Shikeni hilo, nalirudia kwenye jibu linalofuata.

Shikamoo. Nina genge la mchele Mwanjelwa. Kuna mtu ananiuzia simbi saba "zilizofunguliwa", eti na mganga, kwa laki moja na nusu, niziweke chini ya mzani zivute wateja. Nichukue?

Marahaba, mwanangu. Usichukue.

Umesoma hapo juu: simbi zilisombwa kwa koleo, zikajaa matumbo ya meli kama kokoto. Kama kila moja ingekuwa na nguvu ya kuvuta mali, hao akina mama wa Lagos waliolala juu ya magunia yake wasingefilisika. Simbi ilinunua kitu pale tu watu wawili walipokubaliana kwamba inanunua. Makubaliano yalipokwisha, ikarudi kuwa gamba.

Najua ladha ya jambo hili. Shangazi yangu kule Rungwe aliuza ndama, fedha akampa mtu wa namna hiyo, akapewa simbi tatu kwenye kitambaa chekundu, akaambiwa asifungue kwa mwezi mzima. Mwezi ulipoisha mtu huyo hakuonekana, na mahindi yaliyokosa mbolea aliyopaswa kununua kwa fedha ya ndama yalitoka madogo kama vidole. Hakutaka kulizungumza mpaka alipokuwa mgonjwa sana. Aibu ndiyo inayowalinda hawa watu.

Sisemi vibaya juu ya wazee wanaotumia simbi kwenye mila zao, wanazijua maana zake na hawakutozi laki. Namsema anayekupangia bei kulingana na woga wako. Laki moja na nusu ni magunia kadhaa matupu, ni mzani uliorekebishwa, ni bati la kuzuia mvua ya Machi. Na akikutisha kwamba usiponunua biashara itakufa, peleka jina lake kwa mtendaji wa kata au polisi siku hiyo hiyo.

Nitajuaje kama ni gamba halisi au plastiki? (Mafinga)

Kamwene. Liguse shavuni: gamba ni baridi na lina uzito wake. Tazama meno ya mwanya wa chini: ya plastiki yanafanana yote kwenye kila kipande.

Naweza kufuga simbi kwenye bwawa la samaki? (Njombe)

Hapana.

Mtoto wangu wa miezi minane anavalishwa simbi mkononi. Kuna ubaya? (Vwawa)

Uzuri wake nauelewa. Lakini uzi hukatika, na simbi moja inaenea sawasawa kwenye koo la mtoto wa umri huo. Mvulie akilala na akiwa peke yake. Ukiniuliza mimi, subiri afikishe miaka mitatu.

Nataka kwenda pwani nikusanye simbi na makombe nije kuuza Tunduma. Ushauri? (Tunduma)

Okota yaliyokufa ufukweni. Wenye mng'ao unaowataka wako hai chini ya mawe, na wakusanyaji hupindua jiwe wakaliacha limelala chali. Kila kilichoishi chini yake kinakufa kwa jua. Jike la kauri hukaa juu ya mayai yake, ukimbeba umebeba na kizazi. Ndani ya hifadhi za bahari kama Mafia usiguse kabisa, na kuyatoa makombe nje ya nchi kunataka kibali. Usijaribu kuvuka nayo mpaka kimya kimya.

Na sikiliza hili kwa makini, wewe uliyekulia milimani. Gamba lenye umbo la pia, pana juu na jembamba chini, lenye michoro ya kupendeza, usiliokote likiwa na mwenyewe ndani. Ana mwiba wa sumu, na aina moja imeua watu.

Simbi moja ni shilingi ngapi?

Barua kumi na moja. Hakuna bei moja, inategemea ukubwa, wingi na umbali kutoka pwani. Muulizeni anayeuza ushanga sokoni, na bei atakayotaja ndiyo ya simbi. Yeyote atakayeongeza sifuri kwa sababu "imefunguliwa", nendeni mkamsomee jibu la binti wa Mwanjelwa.