Rali ya kwanza ya masafa marefu: umbali, muda na pointi kwa wanaoanza

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha waendesha pikipiki hapa Morogoro. Tuko 22. Wengi tuna pikipiki za CC 125 na 150, wachache CC 250, na zaidi ya nusu hawajawahi kuvuka kilomita 100 kwa siku. Tunataka kuandaa rali yetu ya kwanza: Morogoro hadi Iringa na kurudi, siku moja, kila kilomita pointi moja, na wa kwanza kurudi Msamvu achukue zawadi kubwa. Njia, muda na pointi tuvipange vipi ili hata asiye na uzoefu amalize salama? Na kibali je, kinahitajika?

JIBU: Mwenyekiti, salama. Nianze na hiyo zawadi ya wa kwanza kurudi, maana ikibaki, mengine nitakayosema hayatakuwa na kazi. Mkimzawadia anayewahi, mmeandaa mbio katika barabara ya umma. Sheria ya usalama barabarani haiachii watu washindane mwendo humo bila kibali, na simuoni kamanda wa kuwapa kibali cha kuchanganya Boxer zinazokimbizana na mabasi ya Mbeya.

Rali ya masafa marefu ni mchezo mwingine. Mshiriki anapewa kitabu chenye orodha ya vituo, kila kituo na pointi zake, anaambiwa saa ya kuondoka na saa ya mwisho ya kufika, kisha anachagua mwenyewe apite wapi. Aliyefika saa nane na aliyefika saa tisa na nusu ni sawa, almradi wote wako ndani ya muda. Wamarekani wameukuza sana mchezo huu: Iron Butt Rally yao inachukua siku 11, na cheti chao cha kuanzia, SaddleSore 1000, kinadai maili 1,000, yaani kilomita 1,609, ndani ya saa 24. Lakini wenzetu wana barabara kuu ambazo mtu anaweza kwenda saa nzima bila kukutana na tuta wala mbuzi. Igeni utaratibu wao wa pointi. Umbali wao waachieni.

Sasa hesabu ya Iringa. Kwenda na kurudi ni kilomita 620 hivi. CC 150 iliyopozwa kwa hewa inatembea vizuri ikiwa kwenye kilomita 65 hadi 75 kwa saa. Ukiibana kwenye 90 kutwa nzima, injini inachemka na oili inaisha nguvu. Ukiweka vijiji ambako mwisho ni kilomita 50 kwa saa, matuta, tochi za trafiki na kujaza mafuta, wastani wenu halisi utakuwa 50 kwa saa. Hiyo ni zaidi ya saa 12 kitakoni, bado chakula, bado kupumzika, bado kupanda na kushuka mlima Kitonga nyuma ya semitrela. Aliyeondoka saa 12:30 asubuhi atakuwa anarudi Msamvu kama saa tatu usiku, na kipande chake cha mwisho, gizani, akiwa amechoka, ni kile cha kukatiza Hifadhi ya Mikumi. Nyati hana taa ya nyuma. Futeni mpango huo.

Ningekuwa ninyi ningekwenda Dodoma, nikalala huko, nikarudi kesho yake bila pointi, matembezi tu. Ni kilomita 260 hivi, lami, na vituo vimejipanga vyenyewe: Dumila, Gairo, Kibaigwa kwenye soko kubwa la mahindi, kisha Dodoma. Kwa mtu ambaye hajavuka kilomita 100, hiyo inatosha kumfanya alale na buti. Chagueni kati ya Julai na Septemba. Mvua zimeisha (mnakumbuka mafuriko ya Januari 2014 yalivyokata njia pale Dumila), na Bunge la bajeti linakuwa limemalizika, maana wakati wa Bunge kupata gesti 22 za bei ya kawaida Dodoma ni kazi kuliko rali yenyewe.

Kwenye pointi ndiko waandaaji wengi wanakoharibu. Pointi moja kwa kila kilomita inamlipa anayezidi kuchoka. Kwa wageni wa safari ndefu, fanyeni kinyume: mtu anavyokwenda mbali zaidi, malipo ya kila saa ya ziada yapungue. Chukueni mfano huu mwurekebishe. Anayefika Dodoma ndani ya muda akiwa amegonga vituo vyote vinne apate 1,000. Anayepumzika Gairo dakika 30 kamili aongezewe 200. Anayepumzika dakika 15 Dumila na 15 Kibaigwa apate 50 na 50. Halafu muwe na michepuko miwili kwa wanaojisikia. Mmoja ni Kongwa, unaingilia Mbande, kwenda na kurudi kama kilomita 40: pointi 150. Wa pili ni Kilosa, unaingilia Dumila, kwenda na kurudi kama kilomita 126: pointi 250. Kwenye kitabu andikeni mistari miwili mitatu kuhusu kila mahali, mtu ajue kwa nini anapelekwa huko. Kongwa, kwa mfano, ndiko Waingereza walikojaribu mradi wao wa karanga baada ya Vita Kuu ya Pili ukafa, na ndiko wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walikokuwa na kambi zao.

Jumlisheni muone. Anayekwenda Kilosa huku akiruka mapumziko yote anapata 1,250. Anayenyoosha moja kwa moja lakini akapumzika kila mahali anapata 1,300. Mapumziko yameshinda kilomita 126. Hapo hamhitaji kumhubiria mtu juu ya uchovu. Atapumzika kwa sababu ya tamaa yake mwenyewe ya pointi.

Muda nao: kila mtu apewe saa tisa na nusu, zihesabiwe kuanzia dakika aliyoondoka. Njia ya moja kwa moja kwa wastani wa 50 ni saa tano na robo. Weka saa moja ya mapumziko, weka saa mbili na dakika 45 za Kilosa pamoja na kupiga picha, jumla saa tisa. Inabaki nusu saa ya pancha. Sasa ongeza na Kongwa, saa moja nyingine: zimekuwa kumi, muda umepita. Huo ni mtego. Kwenye rali za wazoefu mtego wa namna hiyo ndio utamu wa mchezo, kwa sababu mzoefu anajua kuacha. Mgeni ataona kwamba akikaza kidogo vyote viwili vinaingia, na atakaza. Kwa hiyo andikeni wazi: mchepuko ni mmoja tu, Kongwa au Kilosa, na wa pili hauhesabiwi hata ukileta picha.

Kuchelewa kusikatwe kwa kisu. Mkisema dakika moja baada ya muda umetolewa, kilomita za mwisho kuanzia Chamwino kuingia mjini zitakuwa vita. Kateni pointi mbili kwa kila dakika. Aliyechelewa nusu saa amepoteza 60, si jambo la kufa nalo. Na kuwe na kanuni ya giza: ikifika saa 12 jioni bado uko njiani, unaingia sehemu salama, unapiga simu kwa mratibu, unabaki na pointi zote za vituo ulizokwisha kusanya. Asiyepiga simu akaendelea usiku, zinafutwa zote. Wengi huweka adhabu wakasahau kumpa mtu sababu ya kusimama.

Ushahidi ni rahisi kuliko mnavyodhani. Mpeni kila mtu kitambaa chenye namba yake, apige picha kikionekana pamoja na pikipiki na kibao cha mahali. Kwa muda wa kuingia na kutoka, tumieni mtu wenu mwenye muhuri, na saa za vituo vyote ziwe zimelinganishwa. Gairo, ambako kila mmoja lazima ajaze mafuta, risiti ya EFD ya sheli ina tarehe, saa na jina la kituo, haibishaniki. Picha zisitumwe kwenye kundi la WhatsApp njiani. Mtu akianza kusikia simu inalia mfukoni anataka kuangalia nani amefika wapi. Zikaguliwe mezani Dodoma, mhusika akiwa amekaa mbele yenu.

Muhuri huo huo uwafichue wakimbizaji. Dumila hadi Gairo ni kama kilomita 60. Aliyetumia chini ya dakika 45 amekwenda kwa wastani wa 80 na zaidi, na kwa barabara ile yenye vijiji haiwezekani bila kuvunja sheria. Apoteze pointi za vituo vyote viwili. Umbali upimeni kwa pikipiki moja tu na uandikwe kitabuni, kwa sababu odomita hazikubaliani, hasa za pikipiki zilizobadilishwa sproketi au tairi.

Na huyo anayepima njia asiende na ile CC 250. Achukue pikipiki dhaifu kuliko zote kwenye kikundi, apite wiki mbili kabla, siku ile ile ya juma na saa zile zile. Ndipo mtajua kama wastani wa 50 ni wa kweli, na ndipo mtauona upepo. Kuanzia Gairo kwenda Kibaigwa nchi imefunguka, upepo unakuja wa ubavuni, na basi linalokuja mbele yako linakusukuma kwanza kisha linakuvuta. Mwenye CC 125 na begi refu nyuma anayumba. Mizigo ikae chini na mbele, kwenye tangi au ubavuni, si mnara juu ya keria.

Msiende msafara. Pikipiki 22 zikifuatana katika barabara ya njia mbili, basi haliwezi kuwapita wote, linaingia katikati yenu. Na wa mwisho siku zote anakimbia kuliko wa kwanza, maana kila tuta linamwacha nyuma. Waachieni wawili wawili, kila dakika tatu, mgeni na mwenye uzoefu. Jozi ya kwanza saa 12:30, ya kumi na moja saa moja kamili. Nyuma ya wote iende pikapu yenye fundi, tyubu, plagi, kebo za klachi, maji mengi na mtu aliyefundishwa huduma ya kwanza, na isimpite mtu yeyote.

Ukaguzi ufanyike siku mbili kabla, si asubuhi ya safari, ili mwenye kasoro apate nafasi ya kwenda gereji. Breki, taa ya breki, vioo (najua wengi mmeviondoa, virudi), spoki, tairi. Cheni ndiyo ikaguliwe kwa subira. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, sukuma cheni juu na chini katikati ya sproketi mbili. Icheze sentimita mbili hadi tatu. Halafu zungusha gurudumu polepole ukipima tena kila robo mzunguko. Cheni iliyochakaa inalegea mahali na kukaza mahali, na fundi wa haraka anakaza kwa kufuata palipolegea. Ukipakia begi, palipokaza panakuwa kamba ya gitaa, bearingi ya nyuma inalia, na cheni ikikatika inaweza kujisokota kwenye gurudumu. Ikionyesha tofauti kubwa kati ya sehemu na sehemu, inunuliwe seti nzima, cheni na sproketi zote mbili. Kubadilisha cheni peke yake ni kutupa hela.

Kibali: hata msiposhindana mwendo, andikeni barua kwa mkuu wa usalama barabarani wa mkoa, Morogoro na Dodoma pia, mapema. Tajeni tarehe, njia, idadi, saa za kuondoka, jina na simu ya mratibu, na elezeni kwa maneno makavu kwamba anayewahi hapati chochote. Ambatanisheni kanuni zenu. Kila mtu awe na leseni yenye daraja la pikipiki na bima hai, na aambiwe ukweli kwamba ile bima ndogo inamlipa aliyegongwa. Mguu wake mwenyewe haumo. Kama kuna kampuni itakayowauzia bima ya ajali ya kikundi kwa siku mbili, iingizeni kwenye kiingilio.

Ile zawadi kubwa ichezeshwe kwa bahati nasibu kati ya wote waliomaliza na pointi 1,000 au zaidi. Mwenye pointi nyingi apewe cheti na jina lake lisomwe. Wakifungana, ashinde aliyetumia kilomita chache. Mkiniuliza zawadi iwe nini, iwe helmeti nzuri ya kufunika kidevu, maana nadhani nusu yenu mnavaa zile za kofia ya bodaboda zenye kifungo kilichokatika.