Zebaki kwenye jiko la mkaa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mume wangu ni mchimbaji mdogo hapa Geita. Jioni huja na kidonge cheupe cha zebaki na dhahabu, akakichoma kwenye jiko ninalopikia. Anasema moshi hauonekani, kwa hiyo hauna neno. Ni kweli? – Mama wa watatu

JIBU: Marahaba, mama. Si kweli, na jiko hilo lisipikiwe tena.

Kidonge hicho ni amalgamu. Zebaki hushikana na dhahabu iliyo kwenye mchanga, mawe ikayaacha. Ndiyo maana wachimbaji wanaipenda. Zebaki huchemka kwenye nyuzijoto 357 za Selsiasi, dhahabu haiyeyuki mpaka 1,064. Basi zebaki hupaa, dhahabu hubaki. Lakini iliyopaa haijapotea! Hutua ukutani, kwenye sufuria, kwenye nguo za watoto. Mvuke wake hauna rangi wala harufu, na ukivutwa hudhuru ubongo na figo. Kwa mjamzito humfikia hata mtoto aliye tumboni. Nimewahi kukaa na mchomaji wa siku nyingi ambaye mikono ilimtetemeka hata kikombe cha chai akashindwa kukishika. Sijamsahau.

Mumeo atumie retoti, chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba linalopozwa kwa maji. Mvuke hugeuka zebaki tena, akaitumia upya bila kununua nyingine. Hata hivyo achomee nje, mbali na nyumba.

Wewe na watoto nendeni hospitali, mkamwambie daktari waziwazi kwamba mmevuta mvuke wa zebaki. Mkojo ndio hupimwa.