Maswali ya Wasomaji: Barakoa Haizuii Gesi ya Kontena

SWALI: Bwana Mhariri, salamu. Mimi ni msimamizi wa zamu katika ghala moja la Shimanzi ambalo hupokea makontena ya mchele kutoka bandari ya Kilindini. Hivi karibuni vibarua wawili waliingia ndani ya kontena mara tu milango ilipofunguliwa, wakatoka wakilalamikia kichwa, na mmoja akatapika. Tajiri wetu amemnunulia kila mtu kofia ngumu, glavu na barakoa ya vumbi, na anasema kwamba hatari imekwisha kudhibitiwa. Je, ni kweli? Na kibarua akikataa kuingia, ana haki hiyo? — Msimamizi, Shimanzi.

JIBU: Si kweli. Nafaka inayosafiri kwa meli mara nyingi hufukizwa ili kuua fukusi, na dawa inayotumika sana ni vidonge vya fosfaidi ya alumini, ambavyo vikipata unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo huleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kutapika na kifua kubana, dalili ambazo ni rahisi kuzisingizia joto la kontena au malaria. Siwezi kuthibitisha kutoka hapa kwamba ndiyo iliyowapata vijana wako, lakini wapelekwe hospitali hata kama wanajisikia nafuu, kwa kuwa mapafu yanaweza kujaa maji saa nyingi baadaye, na daktari aelezwe kwamba huenda mzigo ulifukizwa.

Barakoa ya vumbi hunasa vumbi, gesi hupita. Kunusa nako si kipimo, maana ingawa fosfini huweza kunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, kutosikia harufu hakuthibitishi kwamba hewa ni salama. Kikomo cha kisheria nchini Marekani kwa kazi ya saa 8 ni sehemu 0.3 tu katika kila sehemu milioni za hewa, kiasi ambacho pua haiwezi kuaminiwa kukitambua.

Kwa hiyo utambuzi wa hatari uanze kabla kufuli halijaguswa. Tazameni mlangoni kama kuna kibandiko chenye fuvu la kichwa, jina la gesi na tarehe ya kufukiza, kisha mlinganishe na karatasi za mzigo. Kibandiko huweza kubanduka njiani, kwa hiyo kila kontena la nafaka lihesabiwe kuwa limefukizwa mpaka aliyefunzwa alipime kwa kipima gesi, akipitisha mrija kwenye mpira wa mlango ungali umefungwa.

Njia iliyo bora ni kampuni ya ufukizaji kulipitishia kontena hewa mpaka gesi itoke na kulithibitisha kuwa salama kabla halijaletwa kwenu. Lisipowezekana hilo, lifunguliwe uwanjani penye upepo, mbali na watu, wala si ndani ya ghala. Kontena hupata hewa upande mmoja tu na gesi hujificha katikati ya magunia, hivyo lipimwe tena kabla ya mtu kuingia, na tena kazi ikiendelea. Unga wa kijivu unaobaki kwenye vifuko vya dawa usimwagiwe maji, kwani vidonge ambavyo havijaisha nguvu vinaweza kuwaka. Waachieni wafukizaji wauondoe. Vifaa vya kuvaa huja mwisho wa mpango huu, na tajiri wako ameanzia mwisho.

Kuhusu kukataa: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake anapokuwa na sababu ya kuamini kwamba pana hatari kubwa au iliyo karibu, na inamkataza mwajiri kumrudisha mahali hapo hatari ingali ipo. Anayearifiwa ni wewe, basi iandike taarifa hiyo kwa tarehe na namba ya kontena. Sheria hiyo pia inataka kamati ya usalama penye wafanyakazi 20 au zaidi. Kama mnayo, isikae ofisini ikijaza fomu. Asubuhi moja isimame mlangoni na kuwasikiliza makuli, ambao ndio wanaojua ni wakati gani magunia yaliyoegemea mlango huanguka na foklifti hurudi nyuma bila kutazama. Kibarua wa siku aulizwe kwa utaratibu zaidi, kwani anayeogopa kutoitwa kesho hatalalamika kwa hiari yake.