"Sikudhulumu": ni sasa au zamani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Sisi vijana wa kwaya hapa Muheza, Tanga, tunaandaa igizo la mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, Mathayo 20. Waliofanya kazi kutwa na walioingia jioni wanalipwa sawa, dinari moja moja, na wa kwanza wananung'unika. Mwenye shamba anamjibu mlalamikaji mmoja, "Rafiki, sikudhulumu." Mwenzetu anashikilia kuwa hiyo ni kauli ya wakati uliopita, yaani hakumdhulumu mtu. Mimi namsikia akisema na "wewe". Nani kapatia?

JIBU: Marahaba. Umepatia wewe, ingawa mwenzako naye hakuvunja sarufi. Vitenzi vya Kibantu hutufichulia siri kwa irabu ya mwisho: "sikupigi" ni sasa, na ku ni wewe, "sikupiga" ni zamani, na ku ni ya wakati. Lakini dhulumu, sawa na sahau, jibu na samehe, imetoka kwenye Kiarabu na mwisho wake haugeuki. Ndiyo maana ujumbe wa "sikusahau" waweza kuwa kiapo cha mapenzi, au habari tu kwamba ufunguo haukubaki nyumbani! Mkazo nao hausaidii, huangukia silabi ile ile.

Hapa Kigiriki, lugha ambayo Injili iliandikwa kwanza, kinaamua: kitenzi kiko wakati uliopo, na "wewe" imetajwa. Angetaka ya zamani, angesema "sikukudhulumu". Cha kuchekesha, neno linalofuata ni "hukupatana", na ku ya hapo ni ya wakati.

Tofauti hiyo si ndogo. Huyu bwana hajitetei mbele ya kijiji kizima. Anajibu mtu mmoja waliyepatana naye dinari kwa kutwa, na dinari kaipata. Kibarua wa mkonge huko kwenu angelalamika, "Nimepunjwa," na hapo ndipo ugomvi ulipo. Kupunjwa ni jambo ambalo mtu hulihisi katika mgawo, akitazama fungu la jirani, hasa jirani aliyeingia kazini saa 11 jioni. Kudhulumiwa ni kunyimwa kilicho chako. Mlalamikaji amekuja na kupunjwa, mwenye shamba anamjibu habari ya dhuluma. Alichopewa yule wa mwisho zaidi ya jasho lake ni neema, na neema haina mapatano ya kuvunjwa.

Basi katika igizo, mwacheni aseme "sikudhulumu" kama ilivyoandikwa, ila amtazame usoni yule mmoja, asiwageukie watazamaji.