Kabla ya Kununua Programu ya Ankara, Fuata Njia Inayopita Pesa ya Mteja Wako

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Iringa aliniandikia ujumbe mfupi: "Shikamoo kaka. Nina wateja 40 ninaowahifadhia tovuti, ankara ninaziandika moja moja kwenye Excel na nimechoka. Ninunue programu gani?" Nilichelewa kumjibu, kwa sababu jibu refu lingenilazimu kusimulia mambo mawili ambayo nisingependa yajulikane hapa Mbeya, ambako wateja wangu wengi hunisoma. Nimeamua kuyasimulia, kwa kuwa naona kijana huyu anakaribia kuingia katika shimo lile lile nililotumbukia mimi.

Nilianza biashara hii mwaka 2015, katika chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya umeme Mwanjelwa, nikiwa na wateja tisa. Nilijua kwamba watu wa kazi hii wengi hutumia WHMCS, programu inayotoa ankara, kufungua akaunti kwenye seva, kuhuisha majina ya vikoa (anwani za tovuti) na kupokea maombi ya msaada ya wateja mahali pamoja. Leseni yake ililipiwa kwa dola kila mwezi, nami niliona ni kichekesho kulipa dola kwa ajili ya wateja tisa. Rafiki yangu akaniletea kwenye flashi nakala iliyochakachuliwa, nikaifunga usiku ule ule na kulala nikijiona mjanja kuliko Mbeya nzima.

Ilifanya kazi miezi minane. Kisha asubuhi moja wateja wakaanza kulalamika kwamba barua pepe zao zinaangukia kwenye kapu la taka za wapokeaji, na nilipochunguza nikakuta seva yangu imetumika usiku kucha kutuma maelfu ya matangazo ya dawa ambazo sijawahi kuziuza, hadi anwani yake imeingizwa katika orodha nyeusi ya watuma taka. Fundi niliyemwita alipekua mafaili akaonyesha mistari michache iliyofichwa ndani ya nakala ile, ambayo ilikuwa ikimfungulia mlango mtu nisiyemjua. Mdogo wangu, elewa kwamba programu ya ankara ndiyo iliyoshika funguo zote: neno la siri la seva, majina, namba za simu na kumbukumbu za malipo za kila mteja. Siku hizi kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo uzembe wa namna ile hauishii tena kwenye aibu. Nililipia leseni halali wiki ile ile, na sijawahi kugusa nakala ya kuchakachuliwa tena.

Nilidhani hapo nimemaliza kujifunza, kumbe ndiyo kwanza naanza. Nilikuwa na mteja niliyejivunia sana, shule binafsi ya sekondari wilayani Rungwe. Kila Januari wazazi walikuwa wakiingia kwenye tovuti ya shule hiyo kuchukua fomu za kujiunga na kidato cha kwanza, na ankara yao ya shilingi 180,000 kwa mwaka ilikuwa ikiiva katikati ya msimu huo huo. Mwaka ule mhasibu wa shule alilipa Ijumaa jioni kwa simu, kupitia lipa namba niliyoibandika chini ya ankara. Alitumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mke wake, na hakuandika namba ya ankara popote, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuiandika. Ujumbe wa muamala uliingia kwenye simu yangu nikiwa ndani ya basi la kwenda Njombe; nikauona, nikasoma jina la mwanamke nisiyemfahamu, nikajiambia nitalifuatilia Jumatatu.

Programu haikujua lolote kuhusu ujumbe uliokaa mfukoni mwangu. Kwa mahesabu yake pesa haikuwa imesoma, siku za kusubiri zilikuwa zimekwisha, na kazi zake za usiku zilipojiendesha ikaisimamisha akaunti ya shule kama nilivyoiagiza mwenyewe. Jumamosi nzima na Jumapili wazazi wakafungua tovuti na kukutana na tangazo kwamba akaunti imesimamishwa. Baadhi walipiga simu shuleni kuuliza kama shule imefungwa. Mkuu wa shule aliponipata Jumapili jioni hakupaza sauti hata kidogo. Alisema, "Tumekulipa, ukatutangaza kwa wazazi kuwa tunadaiwa." Februari walihamia kwa mtoa huduma wa Dar es Salaam. Mpaka leo nikiwa kwenye gari la Tukuyu na kibao cha shule ile kikikaribia, huwa nageukia dirisha la upande wa pili.

Kwa hiyo, kijana wangu wa Iringa, swali lako la kwanza lisiwe jina la programu. Liwe hili: mteja akilipa kwa M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa, programu itajuaje kwamba pesa hiyo ni yake na ni ya ankara ipi? Hizi programu zimeandikwa na watu wa nchi ambako mteja hulipa kwa kadi, na kadi hujibu papo hapo. Huku kwetu mhasibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa Mbozi, mwenye nyumba ya wageni karibu na Ruaha na msafirishaji wa Tunduma wote wanalipa kwa simu, mara nyingi kwa simu ya mtu mwingine. Dawa niliyoipata ni kujiunga na kampuni ya kati inayounganisha mitandao ya simu, ili kila ankara itoke na kumbukumbu namba yake, na malipo yakifanyika seva yangu ipewe taarifa bila mimi kuwepo. Kijana aliyehitimu Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya aliniandikia moduli, yaani kipande cha programu, ya kuunganisha programu yangu na kampuni hiyo, na toleo lake la kwanza lilikuwa na kasoro ambayo nakuomba uikague kwako: lilikuwa linaamini kila taarifa inayobisha hodi. Moduli nzuri ikipokea taarifa hurudi kuiuliza kampuni ya malipo kama muamala huo upo kweli, hulinganisha kiasi na deni, na hukataa muamala mmoja kuhesabiwa mara mbili.

Kuhusu majina nitasema kwa ufupi, maana hapa watu hupoteza miezi. WHMCS ina moduli nyingi kuliko nyingine na mafundi wanaoifahamu ni wengi, lakini bei ya leseni hupanda kadiri idadi ya wateja inavyoongezeka. Wamiliki wake ndio hao hao wa cPanel, programu ya kusimamia akaunti za tovuti kwenye seva, ambayo mwaka 2019 ilihamia kutoza kwa idadi ya akaunti na kuwatoa jasho wengi wetu. Blesta ni nyepesi, sehemu kubwa ya msimbo wake iko wazi kwa fundi wako kuusoma, na inauza pia leseni ya kulipia mara moja. FOSSBilling ni programu huria isiyo na ada, iliyozaliwa kutokana na BoxBilling. Kwa mwenye fundi wa kudumu inafaa kujaribiwa, ila mimi nisingeikabidhi wateja 40 nikiwa peke yangu. Yoyote utakayochukua, bei zako ziwe katika shilingi, kwa kuwa kanuni za Serikali za Machi 2025 zimekataza kutangaza bei na kupokea malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Nawe ukumbuke kwamba leseni yenyewe utailipia kwa dola, hivyo shilingi ikishuka hasara ni yako. Ankara ya programu haichukui nafasi ya risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, na mhasibu wa shule au shirika hatakuelewa ukimwambia vinginevyo.

Sasa huduma kwa wateja. Niliwahi kujivunia mfumo wa tiketi, yaani rekodi ya kila ombi la msaada, uliopangwa kwa idara tatu, ambao hakuna mteja aliyeufungua. Walipiga simu, walituma WhatsApp, wengine walifika dukani wakiwa na karatasi. Nilichofanya ni kutafsiri mwenyewe faili la lugha ili mteja asome Kiswahili, kuongeza ukumbusho wa SMS siku 14 na siku 3 kabla ya ankara kuiva, na kumwagiza dada anayekaa mapokezi afungue tiketi kwa niaba ya kila anayepiga simu. Mteja hana haja ya kujua kwamba ana tiketi. Wewe ndiye unayehitaji kumbukumbu ya nani aliahidiwa nini.

Kumbukumbu hiyo inalinda pia. Mei 2012 WHMCS yenyewe ilidukuliwa, na wadukuzi hawakuvunja kufuli lolote: waliwasiliana na kampuni iliyokuwa ikihifadhi seva yake, wakajifanya ndio mwenye akaunti, wakajibu maswali ya utambulisho, wakakabidhiwa njia ya kuingia. Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka ni mara ngapi nimebadilisha neno la siri kwa sababu tu sauti upande wa pili ilisema, "Mimi ni Mkuu wa shule." Siku hizi ombi la namna hiyo hujibiwa kwa kupiga simu kwenye namba iliyosajiliwa ndani ya programu, hata aliyepiga akikasirika.

Nawaona vijana wengi wakishindana kwa bei ya chini na rangi za tovuti, kisha wanaacha mipangilio ya kusimamisha akaunti kama walivyoikuta. Hiyo ni dharau kwa mteja, nami nasema hivyo nikijua niliyoyafanya. Kaa chini, ifungue mipangilio hiyo, usome kila mstari. Kwangu sasa akaunti husimamishwa siku ya saba baada ya ankara kuiva, na siku hiyo ikiangukia kati ya Ijumaa na Jumapili dada wa mapokezi huisogeza hadi Jumatatu, kwa sababu programu niliyonayo inaruhusu kumwekea mteja mmoja tarehe yake. Shule zote nimezisogezea ankara hadi Aprili.

Kabla hujalipa hata dola moja, chukua toleo la majaribio, jiandikie ankara ya shilingi 1,000, kisha Ijumaa jioni mwombe shangazi yako ailipe kwa laini yake akiwa kijijini. Zima simu yako mpaka Jumapili. Ukiiwasha ukakuta malipo yamesoma kwenye ankara sahihi, nunua leseni. Yasiposoma, niandikie tena kabla hujamhamisha mteja hata mmoja.