Jukwaa la kupigia lipu ukuta wa ghorofa: msingi, kufunga na mzigo

SWALI: Mhandisi, nyumba yangu ni ya ghorofa moja, na ukuta wake wa ubavuni, ule unaomalizikia kwa pembetatu chini ya paa, una kimo cha mita 7 hadi kileleni. Lipu yake imebanduka. Ninataka kuibomoa yote, kupiga mpya na kupaka rangi, nikisaidiana na fundi mmoja na msaidizi wake. Nimekodi fremu za chuma zenye kimo cha mita 1.7 na upana wa mita 1.2, pamoja na mbao za kukanyagia. Ardhi ya upande huo ina mteremko, na sehemu yake ni kifusi kilichobaki tulipochimba shimo la maji machafu. Je, ninaweza kusawazisha miguu ya jukwaa kwa matofali? Je, ni lazima kulifunga ukutani ilhali litasimama kwa wiki mbili tu? Na je, tukifika juu tunaweza kuweka ngazi fupi juu ya jukwaa ili tufikie kileleni?

JIBU: Kwa kifupi, matofali hayafai, kufunga ni lazima, na ngazi haipandishwi juu ya jukwaa. Sababu za majibu hayo zina uzito kuliko makatazo yenyewe, kwa kuwa anayezijua hatayumbishwa na mtu atakayemwambia kwamba siku zote wamekuwa wakifanya vinginevyo bila kudhurika. Jukwaa ni jengo kamili lenye msingi, nguzo na viungo vya kulizuia lisiyumbe, na kukaa kwake kwa wiki mbili hakupunguzi hata kilo moja ya mzigo linaoubeba.

Katika maelezo yako, kinachonitia wasiwasi zaidi ni ardhi. Mguu wa fremu ni bomba lenye kipenyo kinachokaribia milimita 48, na kwa kuwa kuta za bomba ni nyembamba, chuma kinachogusa chini ni kama sentimita 5 za mraba tu. Mguu huo ukibeba kilo 300, basi kila sentimita ya mraba inakandamizwa kwa kilo 60, na hakuna udongo wa kawaida unaovumilia hivyo. Ukiuweka mguu juu ya bamba la chuma la sentimita 15 kwa 15, kilo hizo hizo zinatawanyika hadi kufikia kilo 1.3 hivi kwa kila sentimita ya mraba, na ukilaza chini ya bamba ubao mnene wenye upana wa sentimita 22 unaopitia miguu miwili kwa pamoja, mkandamizo unashuka tena hadi sehemu ndogo tu ya hapo. Ndiyo maana bamba na ubao wa chini ni sehemu za jukwaa kama zilivyo fremu, na aliyekukodishia fremu bila mabamba hajakupa jukwaa zima.

Tofali hubeba vizuri linapokandamizwa sawasawa juu ya uso wake wote, lakini mguu wa chuma hulikandamiza mahali padogo, mara nyingi karibu na ukingo, na hapo hupasuka ghafla bila kutoa dalili. Yakipangwa mawili au matatu yanaweza pia kuteleza moja juu ya jingine kila mtu anapotembea huko juu. Kwenye mteremko, chimba vidato vilivyo sawa, laza ubao ndani ya kila kidato ukiwa umekaa bapa pasipo nafasi tupu chini yake, kisha malizia tofauti ndogo iliyobaki kwa jeki za skrubu, yaani miguu ya chuma inayorefushwa kwa kuzungushwa. Usiziongeze jeki kupita kipimo alichoweka mtengenezaji, kwa sababu kadiri skrubu inavyotoka nje ndivyo inavyopindika kwa urahisi.

Kifusi ni jambo la peke yake. Udongo uliomwagwa bila kushindiliwa huendelea kushuka kwa muda mrefu, na mvua moja kubwa inaweza kuushusha kwa usiku mmoja. Uondoe mpaka ufikie udongo wa asili, au uurudishe kwa matabaka membamba ukishindilia kila tabaka. Mguu wowote usikae juu ya mfuniko wa shimo la maji machafu wala karibu na ukingo wake. Ikiwa shimo limekaa pale pale ambapo fremu ingesimama, usibuni daraja la mbao la kulivuka. Mwite mtu mwenye ujuzi wa kusimamisha majukwaa aje apange upya nafasi za fremu.

Fremu za kwanza ndizo za kupimwa kwa uangalifu kuliko zote. Tumia pimamaji upande wa ukuta na upande wa kuelekea nje, kwa kuwa mwegemeo wa sentimita 1 katika fremu ya chini huwa sentimita 3 ukifika juu ya fremu ya tatu. Vyuma vya mshazari vifungwe kila fremu inaposimamishwa, si baada ya kumaliza, na pini za kuunganisha fremu ya juu na ya chini zisiachwe hata moja.

Sasa nije kwenye kufunga. Kanuni za Marekani zinataka jukwaa lizuiwe lisipinduke mara kimo chake kinapozidi upana wa kitako mara 4, na wajenzi wengi wanapokuwa nje hawapiti mara 3. Kitako chako ni mita 1.2, kwa hiyo kikomo ni mita 4.8 kwa hesabu ya kwanza na mita 3.6 kwa ya pili, na fremu tatu zinakupeleka mita 5.1 kabla hata ya kuhesabu jeki. Umepita vipimo vyote viwili. Ushauri wangu ni kufunga kwenye usawa wa juu wa fremu ya pili kabla ya kupandisha ya tatu, kisha kufunga tena karibu na juu kabisa.

Kamba au waya peke yake havitoshi, kwa sababu huzuia jukwaa lisiondoke ukutani lakini haviwezi kulizuia lisisukumwe kuelekea huko. Kinachotakiwa ni bomba linaloshikwa kwa klampu, lenye uwezo wa kuvuta na kusukuma. Ukuta ukiwa na dirisha, bomba moja hulazwa kwa ndani likivuka upana wa dirisha na kuegemea ukuta pande zote mbili, na jingine huliunganisha na jukwaa. Pasipo dirisha hutumika boliti za kutanuka, yaani zinazopanuka ndani ya tundu zinapokazwa, zikitobolewa ndani ya ukuta mgumu, si ndani ya lipu iliyolegea, na kila moja ivutwe kwa nguvu kabla ya kuaminiwa. Matofali yenye matundu hayashiki boliti hizo vizuri. Bomba la maji ya mvua, fremu ya dirisha na ubao wa pembeni mwa paa si mahali pa kufungia kitu chochote.

Najua ugumu utakaotokea hapa: fundi atafika kwenye kifungo cha ukutani, ataona kinamzuia kupiga lipu, naye ataomba kifunguliwe kwa muda kidogo. Asikubaliwe. Aizunguke sehemu hiyo, aiache wazi, kisha aizibe na kuipaka rangi mtakapokuwa mnashuka na kubomoa jukwaa. Baka dogo litakalohitaji kusawazishwa mara ya pili si hasara.

Kuhusu mzigo, hukuniuliza, lakini kazi yako ina mtego ambao watu wengi hawauhesabu. Jukwaa la kazi nyepesi hubeba takribani kilo 120 kwa kila mita ya mraba. Nafasi kati ya fremu mbili ikiwa mita 2.4, eneo lake ni karibu mita 2.9 za mraba, yaani kilo 350 hivi. Watu wawili ni kilo 160, na ndoo tatu za lita 20 zilizojaa mchanganyiko wa saruji na mchanga ni kilo 120 nyingine, jumla kilo 280. Mpaka hapo mko salama. Lakini lipu ya zamani yenye unene wa sentimita 2 ina uzito wa karibu kilo 40 kwa kila mita ya mraba, na mkiibomoa mita 4 za mraba na kuiacha miguuni mwenu, mmeongeza kilo 160 na kuvuka kikomo. Vifusi vishushwe kwa ndoo na kamba kadiri vinavyobomolewa. Umuulize pia aliyekukodishia fremu zake ni za daraja gani la mzigo, na uhakikishe hakuna usawa mwingine wa jukwaa unaobeba watu wakati huo huo.

Mbao za kukanyagia zenye unene wa milimita 38 zinahitaji tegemeo kila baada ya mita 1.5. Fremu zako zikiachana zaidi ya hapo, tumia mbao nene zaidi au majukwaa ya chuma yenye ndoano. Ncha ya ubao ipite tegemeo kwa sentimita 15 hadi 30: ikiwa fupi itachomoka, na ikiwa ndefu kupita kiasi atakayeikanyaga ataanguka nayo. Upana wote wa jukwaa ujazwe mbao, na zisipakwe rangi, kwa maana rangi huficha nyufa. Pande zilizo wazi ziwe na reli kwenye kimo cha mita 1 hivi, reli nyingine katikati, na ubao wa ukingo wa sentimita 15 chini ili nyundo au karai lisimwangukie aliye chini. Wa kupanda apande kwa ngazi iliyofungwa imara, si kwa kukwea vyuma vya mshazari.

Ngazi juu ya jukwaa inakataliwa kwa sababu mbili. Inamtoa mtu nje ya ulinzi wa reli, hivyo kuanguka kwake hakuishii kwenye mbao bali ardhini. Tena, anayeegemea ngazi na kusukuma mwiko ukutani hulisukuma jukwaa kwa nguvu ya ubavuni. Kwa bahati nzuri huihitaji, kwa kuwa ukisimama kwenye usawa wa mita 5.1 mikono yako inafika karibu na mita 7. Ikipungua kidogo, kodi fremu nusu uinue usawa wa mwisho, na reli ziinuke pamoja nao.

Kabla ya yote hayo, tazama nyaya za umeme, kwa maana waya unaoingia nyumbani mara nyingi hufungwa kwenye ukuta wa namna hii. Usiinue bomba la chuma ndani ya mita 3 za waya. Liombe shirika la umeme liukate au liuhamishe kwanza. Turubai la kuzuia jua nalo lisifungwe juu ya jukwaa ambalo vifungo vyake havikupangwa kwa ajili hiyo, kwa sababu kasi ya upepo ikizidi maradufu nguvu yake huwa mara 4.

Kila asubuhi zunguka ukitazama mabamba, pini, klampu na vifungo kabla mtu hajapanda, na baada ya mvua au upepo mkali anza na ile sehemu iliyokuwa na kifusi. Jioni ondoa ngazi ya chini ili watoto wasipande. Siku ya kubomoa, anza juu na ushuke usawa mmoja mmoja, ukifungua kila kifungo cha ukutani pale tu fremu zilizo juu yake zimeshateremshwa zote, na vyuma vishushwe kwa mkono au kwa kamba bila kurushwa.