Tagi Iliyomkokota Pacha Wake

SWALI: Ndugu Mhariri, kila asubuhi nikivuka kwa feri ya Likoni huziona tagi za Kilindini zikizisogeza meli kubwa gatini. Je, ipo tagi ya zamani iliyohifadhiwa pamoja na injini yake? – Msomaji, Likoni

JIBU: Ndugu msomaji, zipo kadhaa duniani, nami nakuchagulia Hercules ya San Francisco, kwa sababu mtu wa pwani ataielewa upesi. Iliundwa mwaka 1907 huko Camden, New Jersey, mashariki mwa Marekani, ilhali wenyewe walikuwa San Francisco, ng'ambo ya pili ya bara. Mfereji wa Panama haukufunguliwa hadi 1914, kwa hiyo iliilazimu kuteremka mpaka kusini kabisa mwa Amerika, kupita Mlango-Bahari wa Magellan, kisha kupanda tena kaskazini, huku ikimkokota kwa kamba pacha wake, tagi Goliah. Baadaye Hercules hiyo hiyo ilikokota hadi Panama lango kubwa la kuelea, la kazi ya ujenzi wa mfereji ule ule ambao ungaliifupishia safari yake.

Katika pwani ile ya San Francisco upepo huvuma zaidi kutoka kaskazini-magharibi. Kwetu sisi nahodha wa jahazi alingoja kusi limpeleke kaskazini. Wao hawakuwa na zamu ya kuaminika namna hiyo, na ndiyo sababu meli za matanga zilizofuata mbao kaskazini zilikokotwa na tagi. Hatimaye kampuni ya reli ya Western Pacific iliitumia Hercules kuvusha matishari yaliyobeba mabehewa katika Ghuba ya San Francisco, hadi 1962.

Tangu 1977 imo mikononi mwa idara ya hifadhi za taifa ya Marekani. Nifurahiayo zaidi ni kwamba injini yake ya mvuke haikung'olewa, maana tagi ni injini kwanza, umbo baadaye. Mvuke husukuma pistoni ya silinda ndogo, na badala ya kutolewa nje huingia silinda ya kati, kisha ile kubwa kuliko zote, mpaka nguvu yake itumike mara tatu. Watu wa kujitolea waliitengeneza miaka mingi hadi ikazunguka tena, na inapozunguka sharti fundi asimame karibu nayo na kopo la mafuta, akivilainisha kwa mkono vyuma vinavyopanda na kushuka mbele ya uso wake.